Kitambaa cha Kuchujia Maziwa

Ifrah, mwanangu,

Leo saa tisa na dakika kumi alasiri, mwanamke anayekuuzia maziwa ya ngamia kwenye kona ya shule yako ya msingi aliketi ofisini kwangu, akafunua uso, akaniambia kwamba yeye ni Dahabo Gedi. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Jina hilo hulijui. Mimi nalijua. Dahabo Gedi ndiye aliyekunyonyesha tangu ukiwa na siku tisa hadi ulipopita miaka miwili, katika kijiji kilicho nje kidogo ya Dadaab. Hujawahi kuambiwa, kwa sababu aliyepaswa kukuambia ni mimi, na mimi nilikuambia kwamba ulilelewa na ayeeyo, bibi yako mzaa baba, kule Wajir. Haikuwa kweli. Ayeeyo alihamia kwetu baadaye. Wajir hukuwahi kulala hata usiku mmoja kabla ya kutimiza miaka mitatu.

Unajua kazi yangu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimesoma kwenye redio habari za vifo, za ukame na za mafuriko, na hujawahi kusikia sauti yangu ikitetemeka. Leo nilifungua mdomo nimjibu mwanamke huyu na sauti haikutoka. Mutua, mlinzi wetu, aliingia na chupa ya maji akidhani sukari imepanda.

"Mzee, niite daktari?"

"Mwache," Dahabo akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Huyu mutu si mgonjwa. Anafikiri."

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoripotia. Kwa Kisomali ningeanza na babu zako na mvua za zamani, na kungekucha kabla sijasema neno. Habari za baridi ya Eldoret unakokwenda chuo, blanketi, swala na namna ya kuhifadhi nyama ya nyirinyiri kwenye mkebe zisikusumbue hapa. Ayeeyo ameshakueleza mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, nalo lina historia.

Wiki iliyopita ulituletea mezani kitabu chako cha saikolojia. Ulitusomea habari za vifaranga vya bata bukini ambavyo vikitoka tu kwenye yai hushikamana na kitu cha kwanza kinachotembea mbele yao, na kama ni mwanamume mwenye viatu vya mpira, basi vitamfuata huyo mpaka ziwani. Ayeeyo alicheka hadi akaweka kijiko chini. Kisha ukasoma habari za watoto wa tumbili waliotenganishwa na mama zao na kuwekwa kizimbani na wanasesere wawili, mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, mwingine wa kitambaa asiye na chochote. Ulisema watoto wale walikaa kutwa nzima wamemkumbatia yule wa kitambaa. Wakiona njaa walijinyoosha kunyonya kwa yule wa waya, huku miguu bado imeng'ang'ania kitambaa.

"Na aliyewafungia humo," ayeeyo akauliza, "yeye hakuwa na mama?"

Ulicheka, ukanigeukia. "Aabo, wewe unaonaje?"

Nilisema nina simu ya kupiga, nikatoka nje. Sikuwa na simu ya kupiga. Nilisimama karibu na tangi la maji kwa muda, kisha nikarudi na kuuliza kama chai ipo. Sasa nitakuambia kwa nini.

Mwaka uliozaliwa, ukame ulikuwa umekausha kila kitu kuanzia hapa Garissa hadi Liboi. Nilikwenda kutafuta habari za mifugo nikamkuta mzee Gedi, mfugaji aliyebaki na ngamia wachache. Mmoja, jike mwekundu, alikuwa amefiwa na ndama jana yake. Pembeni kulikuwa na ndama mwingine ambaye mama yake alikufa. Ngamia aliyefiwa hakubali ndama wa mwenzake, na bila ndama hateremshi maziwa. Gedi alimchuna yule ndama aliyekufa, akachukua ngozi mbichi, akamfunga nayo yule yatima mgongoni kwa kamba. Akamsogeza. Ngamia akainamisha shingo, akanusa nyuma ya ndama, akanusa tena, akatulia. Asubuhi alikuwa anamnyonyesha.

Nilimuuliza Gedi ngozi itakaa muda gani. Akasema hiyo ndiyo sehemu ambayo vijana huharibu. Huondoi ngozi mara moja. Unakata kipande leo, kipande baada ya siku mbili, kutoka pembeni kwenda katikati, mpaka siku moja hakuna ngozi na mama hana habari kwamba kuna kilichoondoka. Ukiivua yote kwa pupa, atampiga teke ndama, na wewe pia.

Niliripoti yote hayo. Ilikuwa kazi nzuri. Watu walinipigia simu kutoka Mandera.

Majuma machache baadaye mama yako Hodan alikuzaa wewe akafariki siku hiyohiyo kwa kutokwa damu. Hilo unalijua, na kaburi unalijua. Usilolijua ni siku nane zilizofuata. Maziwa ya kopo yalikutapisha, tukabadilisha kopo, ukatapika tena. Ulikuwa umeanza kulia bila sauti. Siku ya tisa nikasikia kwamba binti wa mzee Gedi, Dahabo, amemzika mtoto wake wa kiume wa mwezi mmoja. Nilikufunga kifuani nikapanda gari la maji lililokuwa linaelekea huko.

Sasa usome hapa polepole, kwa sababu hili ni kosa langu la kwanza na nililiona kuwa akili. Nilimkuta Dahabo ameketi mbele ya nyumba yao ya mikeka. Sikumwambia pole inavyostahili. Nilimwambia, "Nipe kitambaa chochote cha marehemu." Alinitazama muda mrefu. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe kilichofifia, chenye harufu ya moshi. Nilikufunga nacho kwa mikono yangu, nikamwekea mapajani, nikarudi nyuma hatua kadhaa kama nilivyomwona baba yake akirudi nyuma. Alikunusa shingoni. Akafungua nguo. Ulinyonya mpaka ukalala.

Nilijiambia imefaulu. Kwa miaka yote hii nimeamini kwamba nilimtibu mwanamke aliyefiwa kwa mbinu ya babake. Nilisimulia kisa hicho redioni mara mbili bila majina, kama mfano wa hekima ya wafugaji. Mara ya pili ulikuwa darasa la sita. Ulikuja jikoni ukauliza, "Na yule mtoto alikuwa nani, Aabo?" Nikakujibu kwamba sikuuliza jina.

Nilikuwa ninakuja kukuona kila mwezi. Ulikuwa unamwita hooyo, yaani mama, na mimi ulikuwa unajificha nyuma yake ukiniona. Ulipotimiza miaka miwili ndugu zangu walianza kusema muda wa kunyonya umekwisha, mtoto arudi kwao. Walikuwa na haki ya kusema. Mimi nilikuwa na wajibu wa kwenda, kukaa chini na Dahabo na babake, kupanga, kukuleta Garissa siku mbili na kukurudisha, kisha wiki, kisha mwezi. Nilijua hivyo. Niliwahi kuyasema kwa sauti yangu mbele ya kipaza sauti: kipande leo, kipande baada ya siku mbili.

Badala yake niliuliza siku gani Dahabo huenda kisimani. Waliniambia Jumanne, na punda, hutoka alfajiri na kurudi adhuhuri. Nilikodisha pikapu, nikafika saa tatu. Ulikuwa na jirani mmoja mzee. Nilimwambia mimi ni baba, naye alijua hivyo, akanipisha. Niliacha gunia la sukari mlangoni. Ulikuwa umeshika kile kitambaa nikakuacha nacho.

Niliogopa machozi yake, Ifrah. Hakuna sababu nyingine. Mtu aliyekwenda kwa miguu yake mahali ambapo risasi zilikuwa zinalia aliogopa kumwona mwanamke mmoja akilia.

Ulipiga kelele hadi tukapita Dadaab. Kisha ukanyamaza ghafla, ukawa unatazama mlango wa gari tu. Dereva alisema, "Afadhali angelia." Kwa miezi minne hukutamka neno lolote, si hooyo, si maji. Ulikuwa unaketi kizingitini umekiweka kitambaa mdomoni. Ayeeyo, ambaye ndiyo kwanza amehamia, alikichukua akakifua kwa sabuni na dawa ya kung'arisha, akakianika, akakurudishia cheupe kama theluji ya kwenye friji. Ulikinusa. Ukakiweka chini, ukatembea hadi ukutani, ukageuka ukatuangalia mmoja mmoja. Hukukishika tena.

Daktari alisema mtoto atasahau. Na ulisahau, au tulifikiri hivyo. Ulianza kusema, ukawa msemaji. Dahabo alituma ujumbe mara mbili kwa madereva wa lori. Sikujibu. Baadaye niliambiwa ngamia wa Gedi wamekwisha, mzee amefariki, familia imetawanyika. Nililichukua jambo hilo kama habari iliyofungwa.

Leo saa tisa Mutua alikuja akaniambia, "Mzee, kuna mama hapo nje. Nimemuuliza kama anataka kuhojiwa. Anasema hapana, yeye ndiye anataka kukuhoji."

Baada ya maji ya Mutua, nilimuuliza swali la kijinga. Nilimuuliza amekuwa Garissa tangu lini.

"Tangu Ifrah ameingia darasa la kwanza."

"Kwenye kona ile?"

"Kwenye kona ile. Wewe unapita na simu sikioni. Umechukua maziwa mkononi mwangu, Abdi. Mara nyingi."

Ni kweli. Nimechukua maziwa mkononi mwake. Nimewahi kuandaa kipindi kizima juu ya wanawake wa maziwa wa kona ile, nikawahoji wote isipokuwa mmoja aliyegeuza uso na kutikisa kichwa. Niliandika kwenye daftari: mmoja alikataa, aibu. Kazi yangu ni sauti za watu, na yeye alijua hivyo, ndiyo maana kwa miaka yote hiyo hakutamka neno mbele yangu. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia, "Aabo, yule habaryar wa maziwa anaongea na mimi tu." Nilidhani ni adabu zako, kumwita mama mdogo mwanamke wa rika la mama yako. Nilidhani pia ni utundu wako, kuwapita wauzaji wengine wote wenye maziwa yaleyale na kwenda kusimama kwa yule wa mwisho.

Nilimwambia habari za kitabu chako. Sijui kwa nini, nadhani nilitaka kusema kitu chenye maana. Nilimwambia kwamba huenda ulimtambua kwa harufu ya moshi unaofukiziwa vibuyu vya maziwa, kwamba kuna wanyama ambao hushika kitu mapema na hawakiachi.

"Hakunitambua," alisema. "Alikuwa anapita upande wa pili na wenzake. Nilimwita mimi. Siku ya kwanza nilimpa kikombe cha bure, siku ya pili akaja mwenyewe. Hilo limo kwenye kitabu?"

Nikasema sidhani.

"Waambie waandike. Mtoto hakunifuata. Mimi ndiye niliyemfuata."

Kisha nikamwomba msamaha. Nilianza na kitambaa, kwa sababu hicho ndicho kilichonikaa rohoni tangu uliposoma habari za tumbili. Nilisema haikuwa sawa kumfanyia mwanamke aliyefiwa kama anavyofanyiwa mnyama, kumwekea nguo ya marehemu wake juu ya mtoto wa mtu mwingine.

Alinitazama kama alivyonitazama siku ile mbele ya mikeka. Halafu akacheka, Ifrah. Si kicheko kikubwa.

"Nguo ya marehemu? Nguo ya mwanangu nilimzika nayo. Kile nilichokupa ni kitambaa cha kuchujia maziwa. Kilikuwa kinaning'inia mlangoni, nikachukua, kwa sababu nilikuona umesimama pale kama baba yangu na ngamia wake, na nikajua hutanipa mtoto mpaka ufanye mambo yako. Mimi si ngamia, Abdi. Mtoto alikuwa na njaa na mimi nilikuwa na maziwa. Ungesema hivyo tu ningemchukua."

Sijui kukueleza jinsi nilivyojisikia. Kwa miaka yote hii nimesimulia kisa ambacho kiini chake si kweli, na shahidi alikuwa anauza maziwa mita chache kutoka ninapoegesha gari. Hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza tu. Nilikuwa nimeshaipata stori yangu kwa babake na ngamia mwekundu, na nilipomkuta binti nikamwingiza humo kwa nguvu.

Nilimuuliza kuhusu gunia la sukari. Akasema aliligawa siku hiyohiyo, hakuonja.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Alisema alikuwa anangoja niseme mimi. Kila mwaka shule zikifungwa alijiambia, mwaka huu atamwambia. Juzi ulimuaga ukisema unaondoka kwenda chuo, na bado ulimwita habaryar, si hooyo. Akajua bado hujaambiwa. Na kuna jambo jingine alilolisema, la dini, ambalo nilipaswa kulitaja tangu ulipopata akili: ana wana wawili. Hao ni kaka zako kwa maziwa, hakuna ndoa kati yenu, na unaweza kuketi nao kichwa wazi. Mmoja anasoma Nairobi. "Ningemwachaje binti aende huko nje," alisema, "hajui ni nani haramu kwake?"

Nilirudi nyumbani nikamkuta ayeeyo barazani anachambua maharage. Nilimwambia yule mama wa kona ni Dahabo. Hakuinua kichwa.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Darasa la pili. Unafikiri nani alikuwa anamtuma mtoto maziwa ya kona wakati kuna maziwa hapa mlango wa pili?" Aliendelea na maharage. "Kitambaa nilikifua mimi. Niliona sura ya mtoto siku ile. Ulitaka nifanye nini tena?"

"Ungeniambia, hooyo."

"Wewe ndiye unayeuliza watu maswali. Mimi hujawahi kuniuliza."

Kwa hiyo ninyi watatu mlikuwa mnakutana kwenye kikombe cha maziwa, mmoja bila kujua, na mimi nilikuwa ninawapita na simu.

Unakwenda kusoma mambo haya, bata na tumbili, na utayajua vizuri kuliko mimi. Wiki iliyopita ulimwambia ayeeyo kwamba binadamu si bata, na kitabu chenyewe kinaonya hivyo. Nimelifikiria sana leo. Nilichukua jambo la kweli kutoka kwa mnyama mmoja nikalivisha watu wawili waliokuwa mbele yangu, na sehemu pekee ya somo la Gedi ambayo ingetufaa sisi wanadamu, ile ya kuondoa kidogo kidogo, ndiyo niliyoiacha. Utakapokuwa na daftari lako mwenyewe na kiumbe chochote mbele yako, sitakuambia ufanye nini. Nakuambia tu nilichofanya mimi.

Sijui utanitazamaje asubuhi. Unaweza kukasirika, na sitakuomba uharakishe kutulia kwa sababu ya safari. Kuna maswali ambayo siwezi kuyajibu: ulikuwa unapenda nini ulipokuwa na mwaka mmoja, neno lako la kwanza lilikuwa lipi, kovu la kisigino cha kushoto ulilipata wapi. Miaka yote nimekuambia ni kipande cha chupa. Nilibuni. Dahabo anajua.

Alipoinuka kuondoka nilimwambia nitakueleza mwenyewe. Nilisema labda kwa simu, ukishafika na kutulia, nisikuvuruge siku ya safari. Alikuwa ameshafunika uso. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Abdi," alisema, "usimchukue tena nikiwa kisimani."

Basi hili ndilo nililofanya baada ya hapo. Nilikwenda kituo cha mabasi nikabadilisha tiketi yako. Hutaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Utaondoka na basi la saa nne, asubuhi hiyohiyo. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako kabla ya swala ya alfajiri, uisome kwanza peke yako. Ayeeyo ameahidi kutoingia chumbani. Dahabo nimemwambia asije na maziwa, aje mikono mitupu kama mgeni. Amekataa, atakuja nayo. Atafika hapa nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Mlango nitaufungua mimi, nimtaje kwa jina lake, kisha nitatoka nje nikakae karibu na tangi la maji mpaka mtakaponiita.

Babako,
Abdi